Ufito Hauna Huruma

Je, ni haki mtu acheze ilhali nyumba yake inaungua? Swali hili wengi hulijibu upesi mno.

Tarehe 24 Februari 2022, Yaroslava Mahuchikh, binti wa miaka 20, aliamshwa na milipuko mjini kwao Dnipro, Ukraine. Wiki chache baadaye alisafiri kwa gari siku tatu, zaidi ya kilomita 2,000, hadi Belgrade, Serbia, kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Ndani. Tarehe 19 Machi aliruka juu mita 2.02, akatwaa dhahabu. Eleanor Patterson wa Australia aliruka 2.00, na Nadezhda Dubovitskaya wa Kazakhstan 1.98.

Wako watakaouliza: ana moyo gani huyu? Nami niliwahi kuulizwa hivyo. Mwaka ule baba yangu alipokuwa kitandani, ugonjwa wake hauna tena dawa, kila asubuhi nilikwenda shuleni kufundisha kama kawaida. Shangazi yangu akanisimamisha mlangoni: "Baba yako yu hali hii, nawe waenda kuandika ubaoni?" Sikuwa na jibu. Nikiwa mkweli, kwa kiasi fulani nilikuwa nakimbia.

Lakini si hilo tu. Wanafunzi walitaka hesabu zao. Nikikosea, walicheka. Kwa saa zile chache sikuwa mtu wa kupewa pole, nilikuwa mwalimu.

Ndivyo ulivyo ufito wa kuruka juu. Ukiuangusha mara tatu mfululizo, umetoka. Haushushwi hata kidogo kwa ajili ya yule ambaye mji wake unapigwa mabomu. Waweza kuuona ukatili, lakini ndani yake imo heshima. Huruma ni jambo jema. Hata hivyo, mtu akihurumiwa tangu asubuhi hadi usiku, mwishowe watu hawamwoni tena yeye, huyaona maafa yake tu. Mbele ya ufito, Mahuchikh hakuwa mkimbizi. Alikuwa mrukaji miongoni mwa warukaji, naye aliwashinda kwa kipimo kilekile walichopimwa wao.

Tusijidanganye, hata hivyo. Mita 2.02 hazikuzima moto wowote. Waliobaki Dnipro walihitaji mikono, si medali. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mchezo una haki peke yake. Nadhani yafaa tuulize: je, mtu huyu ameusahau msiba wa kwao, au amekwenda nao? Mahuchikh hakujifanya ametoka mahali pa amani. Alijipaka machoni buluu na njano, rangi za bendera yao, na waandishi wa habari walipomjia aliwaeleza yanayowapata watu wake.

Mimi sikuwa na medali ya kurudi nayo. Jioni nilirudi, nikamgeuza baba ubavu, nikamnywesha uji. Siku moja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Leo umewafundisha nini?" Nikamwambia, mafungu ya sehemu. Akataka nimweleze. Shangazi alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena.