Mashine Inaposimulia, Nani Mwenye Dhima?

Siku hizi wako watu wanaofuatilia kwa bidii kila utafiti mpya juu ya uzee na umri mrefu. Kwa kuwa maandishi ya wataalamu ni mengi mno, wameikabidhi kazi hiyo mashine za akili mnemba, nazo husoma, hufupisha na kuwaletea habari kila asubuhi. Je, kuna ubaya gani? Katika kusoma kwake hatuoni ubaya wowote. Swali liko mahali pengine: habari ile ikimfikia mzee aliye mgonjwa, naye akaifuata, ni nani mwenye dhima?

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa maabara tatu za Marekani juu ya dawa iitwayo rapamaisini. Panya walianza kulishwa dawa hiyo wakiwa na umri wa siku 600, yaani wamekwisha kuzeeka. Umri ambao tisa katika kila kumi walikuwa wamekufa ulisogea mbele, asilimia 14 kwa majike na asilimia 9 kwa madume. Habari hii ni ya kweli, tena ya ajabu. Lakini waliochunguzwa ni panya. Na dawa yenyewe hupewa watu waliopandikizwa figo, ili kuidhoofisha kinga ya mwili isikikatae kiungo kigeni. Mwenye kuimeza ovyo aweza kuyafungulia maradhi mlango. Muhtasari ukiliacha neno hilo moja, "panya", kila kilichosemwa chaweza kuwa kweli, na msikilizaji akawa amedanganyika. Tena ni wepesi kudanganyika hapa, maana ni nani asiyetamani habari ya namna hii iwe kweli?

Wataalamu wa Hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: nani amesikia kwa nani, na je, alikuwa mkweli mwenye kumbukumbu madhubuti? Mashine haiwezi kusimama katika mnyororo huo. Haioni aibu, haitaulizwa Siku ya Kiyama, na mara nyingine hutaja maandishi yasiyokuwapo kabisa. Mwaka 2023 hakimu mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mtambo wa namna hiyo. Msomaji aangalie: aliyetozwa si mtambo.

Mtu aweza kujitetea, "Mimi nilinukuu tu." Twajibu kwamba mwenye kunukuu amekwisha kuwa msimulizi. Kama hakuifungua makala yenyewe akaona waliochunguzwa ni viumbe gani, ni wangapi, na kama makala hiyo haikuondolewa baadaye kwa makosa, hana haki ya kumwambia mgonjwa, "Imethibitishwa." Aseme, "Mashine imeniambia, nami sijahakikisha." Akiona haya kuyatamka maneno hayo, basi na anyamaze mpaka aisome makala, kisha wampelekee daktari wote wawili.