Pole Haina Mwenyewe

Kwetu Nakuru kuna mtaa unaitwa London. Ukipanda matatu ya London hufiki Uingereza. Hoteli nayo ni mahali pa kula chapati na maharagwe, kitanda hakuna. Kwenye ploti yetu, jirani Mkisii akisema "tata" anamaanisha baba, na Mkikuyu wa mlango wa pili akisema "tata" anamaanisha shangazi. Tunachekana, maisha yanasonga.

Waingereza wanaojifunza Kihispania nao wana mtego wao: embarazada. Mtu anadhani amesema anaona aibu, kumbe ametangaza kwamba ana mimba. Huyo simlaumu, hakujua. Swali linalonisumbua ni hili: je, kama unajua maana na bado unachagua neno linalokufaa wewe?

Nilipoacha chuo, mama alikuwa ameuza ng'ombe na kukopa kwa chama. Nilikaa miezi minne bila kumwambia, huku nikila ile karo. Siku niliyomwambia nilisema, "Pole, mama." Kichwani nilikuwa na sorry ya Kiingereza, ambayo unampa aliyefiwa na pia uliyemkanyaga mguu. Kiswahili kimezigawa kazi hizo. Pole humfariji aliyeumia bila kuuliza nani kamuumiza. Nisamehe ina "ni" ndani yake, na huyo ni mimi.

Mama aliendelea kukoroga chai. "Pole nitaambiwa na majirani," akasema. "Wewe ndiye umefanya niambiwe."

Ningeweza kusingizia Kiingereza, lakini nimetumia maneno haya mawili tangu utotoni. Nilichagua pole kwa sababu iliniweka kando yake, sote tukitazama hasara kana kwamba ni mvua ya mawe imepiga mahindi.

Hila hii si yangu peke yangu. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na hapa Nakuru nyumba zilichomwa. Nimekua nikisikia "pole kwa yaliyotokea". Yaliyotokea, kama vile yalijileta yenyewe! Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani. Unaweza kusema hautoshi, na uko na haki. Lakini ona, unajua wa kumwambia hautoshi. Msamaha una mwenyewe. Pole haina.

Sisemi tuache pole. Mgonjwa aipate, mfiwa aipate. Ila kama ni wewe uliyemwaga chai, usimpe pole aliyeungua ukadhani umemaliza.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa mama. "Nisamehe, karo niliila mimi." Pole hujibiwa asante, na mambo yakaisha. Hii hakuijibu. Alinyamaza, akanitazama, akarudi kuchambua mboga zake. Nilikaa pale nikingoja, na ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa nimelikwepa neno lile: anayeliambiwa anaweza kukataa.