Elimu ya Mwanafunzi Ni ya Nani?

Mwanafunzi wa chuo kikuu hupima mambo ya fizikia: joto, nuru, mwendo wa vitu. Mwisho wa mwaka huandika aliyoyaona, mwalimu huyasoma, kisha karatasi hufungiwa kabatini. Twauliza: je, yafaa kazi ile iwekwe wazi mbele ya watu wote?

Wengine husema: La, mwanafunzi angali anajifunza, akikosea atawapoteza watu. Neno hilo si la kudharau. Lakini tutazame mfano mmoja.

Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, nchi ya Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alitia katika friji maziwa ya moto yenye sukari, apate kuyagandisha. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliposimulia jambo hilo, alichekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Huyu alitaka jambo lipimwe kwa maji. Mwaka 1969 wakatoa habari yao pamoja katika gazeti la walimu wa fizikia, wakaeleza na namna walivyopima. Mpemba alikuwa mwanafunzi bado.

Je, ubishi ukaisha? Hata kidogo. Watu wengi walirudia upimaji ule. Wengine waliona kama Mpemba, wengine hawakuona. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walionyesha ya kuwa kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimeta 1 tu, chaweza kubadili jibu. Nao waliandika mahali ambapo kila mtu aweza kusoma bila kulipa.

Basi, twaona nini? Kosa, kama lipo, halisahihishwi kabatini. Lililo wazi hutazamwa na macho mengi. Kwa hiyo kuweka kazi wazi si kujisifu; ni kukubali kupimwa na wengine. Anayetangaza jibu na kuficha njia yake, hajagawa elimu, amegawa habari tu. Aseme alipima mara ngapi, kwa chombo gani, na wapi ana mashaka. Akisema hivyo, hata akikosea, hakumdanganya mtu.

Nasi wasomaji tuna wajibu wetu. Tusimcheke kijana asemaye ameona jambo geni. Tumwulize: "Ulipimaje?" Kisha tupime naye.