"Sikumwona"

Dereva aliyemgonga mtu akiwa katika mwendo wa polepole hujitetea kwa neno moja: "Sikumwona." Mara nyingi asema kweli. Je, ukweli huo wamwondolea lawama?

Tutazame mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, saa za biashara. Dereva azunguka mara ya pili, mara ya tatu, akitafuta mahali pa kuegesha gari. Gari laenda mbele, lakini macho yake yako ubavuni: nani ameshika ufunguo, taa ya nani imewaka. Mchukuzi asukumaye mkokoteni na mama aliyemshika mtoto wapita mbele yake. Sura zao zaingia machoni, zisifike moyoni. Nafasi ikionekana, akata kona ghafula, asije mwenzake akamtangulia. Nasi, tukisema kweli, tumewahi kuwa dereva huyo.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitangaza jaribio lao. Waliwaonyesha watu filamu ya wachezaji, wakawaagiza wahesabu ni mara ngapi wachezaji wa upande mmoja wanapeana mpira. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la gorila. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Macho yalikuwa wazi, bali fikira zilikwisha kutekwa na hesabu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kumbe moyo unalo.

Basi twasema hivi: kutoona kwenyewe si kosa, maana hakuna binadamu awezaye kuona yote. Kosa, likiwapo, lilitangulia: pale tulipoondoka nyumbani tumekwisha kuchelewa, tukaazimia kuegesha mlangoni pa duka, tukakataa kutembea hatua mia mbili. Hapo ndipo tulipochagua cha kutazama, na pamoja nacho tukachagua tusichokiona. Aliyejifunga kitambaa usoni kwa mkono wake hawezi kukilaumu kitambaa.

Dawa yake si ngumu. Tuondoke mapema. Tuikubali nafasi ya mbali, tumalize safari kwa miguu. Tukiwa na mwenzetu garini, tumwachie yeye kazi ya kutafuta, sisi tuitazame njia. Nafasi ya gari ikipotea, itapatikana nyingine. Mtoto wa mtu hana badala.