Shauri ni Amana: Siku ya Kwenda kwa Daktari wa Macho

Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israil (17:37), inatuonya tusifuate tusiyo na ujuzi nayo, kisha inatukumbusha kwamba sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Ndugu msomaji, angalia jinsi jicho lilivyotajwa baina ya sikio na moyo. Jicho ni amana, wala si chombo ambacho mtu aweza kukitendea apendavyo. Basi leo napenda tuizungumze amana hiyo kwa jambo ambalo wengi siku hizi hulitamani, hasa vijana: kupasuliwa macho kwa mwanga wa leza ili waachane na miwani. Lakini nitasema hasa juu ya siku inayoutangulia upasuaji huo, siku ya kwenda kutaka shauri kwa daktari.

Wako waulizao: Je, kufanya hivyo si kubadili umbile la Mungu? La. Mtume Mtukufu s.a.w. alituhimiza kujitibu, akafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuteremsha dawa yake. Kama kuvaa miwani si kosa, kuurekebisha upungufu ule ule kwa njia nyingine pia si kosa. Walakini ruhusa ya kujitibu si ruhusa ya kujitupa katika hatari.

Mbele ya jicho iko ngozi angavu kama kioo, iitwayo konea. Unene wake katikati ni karibu nusu milimita tu, wala haina mishipa ya damu. Mwanga ukipita hapo hupindwa ili picha iangukie barabara nyuma ya jicho; mpindo usipolingana na urefu wa jicho, mtu huona ukungu. Mwaka 1981, huko Marekani, mtaalamu Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM alijaribu aina fulani ya leza juu ya mabaki ya nyama ya bata mzinga wa sikukuu. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, wakaona kwamba mwanga ule hukata kwa usafi bila kuunguza pembeni. Kutokana na ugunduzi huo madaktari walipata njia ya kuichonga konea. Lakini kilichochongwa hakirudi. Ndiyo maana ni lazima kupima kwanza.

Katika Uingereza, ninakofundisha, mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa pwani ya kwetu, aliniomba nimsindikize kwa daktari wa macho. Alikuwa na desturi ya kuvaa lenzi zile zinazobandikwa juu ya jicho, naye alikuwa ameandikiwa aziache kwa wiki mbili kabla ya kupimwa, kwa sababu lenzi huigandamiza konea na kuigeuza umbo, hata vipimo vikasema uongo. Tulipokuwa tukingoja mlangoni akaninong'oneza:

"Sheikh, mimi nimeziacha siku mbili tu. Nikisema kweli nitarudishwa, na nauli nimekwisha toa. Nani atajua?"

Nikamwambia: "Mwanangu, jicho lako lenyewe litajua."

Akainama kitambo. Tulipoingia alisema kweli, naye daktari, mama mmoja mpole, akamshukuru na kumrudisha. Baada ya muda uliotakiwa tulikwenda tena. Aliulizwa mengi: kama nambari ya miwani yake imetulia, kama ana ugonjwa wa sukari, dawa atumiazo, kama macho humkauka, kama huyafikicha. Kisha chombo kikachora ramani ya konea zake. Daktari akaitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba hawezi kumpasua. Aliona dalili za mwanzo za ugonjwa ambao konea hukonda na kuchomoza mfano wa pia. Kuichonga konea ya namna hiyo ni kuidhoofisha zaidi, na uoni waweza kuharibika vibaya. Akamkataza kufikicha macho, akampangia siku za kuangaliwa tena, akamweleza kwamba ugonjwa ukiendelea iko tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na miali ya urujuanimno.

Mimi nami nikauliza habari ya macho yangu. Akacheka, akasema kwamba mtu akipita miaka arobaini lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na hata nikichongwa nione mbali, huenda bado nikahitaji miwani ya kusomea. Nikaipokea hukumu yangu.

Kijana alinyamaza njia nzima. Tulipokaribia chuoni akasema: "Sheikh, lau ningalidanganya siku ile, huenda ramani isingalionyesha kitu."

Ndugu msomaji, Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mwenye kuombwa shauri amewekewa amana. Daktari yule aliitekeleza amana yake: aliyakataa malipo ya upasuaji ili ayaokoe macho ya mgeni. Lakini muulizaji pia ana amana yake. Yampasa aseme kweli yote, na awe tayari kusikia neno la "hapana." Mtu aendaye kwa daktari hali amekwisha kata shauri, akificha hili na kupunguza lile, huyo hakwenda kutaka shauri, amekwenda kutafuta mtu wa kumshirikisha katika kosa lake.

Nawe unayeitafuta dini ya haki, jipime kwa mfano huu. Mazoea ya miaka mingi huugandamiza moyo kama lenzi ile inavyoigandamiza konea. Yavue kwanza, uupe moyo muda, kisha uulize, usome na usali, ukubali jibu ujapokuwa hukulitamani. Katika Sura Al-Hajj (22:47) tunafundishwa kwamba upofu hasa si wa macho, bali ni wa mioyo iliyomo vifuani. Kijana yule angali anavaa miwani yake, naye huonana na daktari kila siku zake zikifika. Hakupata alichokitamani, lakini ukweli alioukubali umemhifadhia macho yake.

Mwenyezi Mungu atujalie macho yaonayo na mioyo isiyojidanganya. Amin.