Je, Ni Wizi Kuruka Ukuta wa Gazeti?

Kila mtu wa Kamalondo anaujua uwanja wa T.P. Mazembe, uliofunguliwa hapa kwetu mwaka 2011. Siku ya mchezo, mwenye tikiti anapita mlangoni. Asiye na tikiti anasimama nje, na kelele za watu zinamwambia kwamba goli limeingia. Huyo hakumwibia mtu. Lakini kijana anayeleta ngazi na kuruka ukuta, tutasema nini juu yake? Wote tutajibu upesi: amekosa.

Siku hizi kuna ukuta wa namna nyingine, na jibu lake haliji upesi hivyo. Magazeti mengi ya intaneti yamefunga habari zao. Unasoma mistari michache, kisha unaambiwa: lipa kwanza. The Times ya London ilifanya hivyo mwaka 2010, New York Times mwaka 2011, na Nation ya Nairobi mwaka 2021. Basi wakatokea mafundi waliotunga programu za kuuruka ukuta huo. Moja iliitwa kwa jina la ngazi ya futi 12. Wenye magazeti wa Marekani walilalamika. Mwaka 2024 programu moja ya namna hiyo iliondolewa katika ghala la GitHub, pamoja na nakala zake zaidi ya 3,000. Mwaka 2025 ile ngazi ya futi 12 ikafungwa.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Mwanafunzi wa Kamalondo anayetaka kujua habari za kobalti na mikataba ya migodi yetu, mara nyingi anakuta kwamba habari ya ardhi yake mwenyewe imeandikwa Paris au London, na mlango umefungwa. Ngazi iko karibu naye, katika simu. Je, akipanda, amevunja amri ya saba?

Wengine wanasema: hapana. Habari si mkate. Nikila mkate wako, wewe unalala njaa. Nikisoma gazeti lako, maneno yako yanabaki yote. Tena, wanasema, mara nyingine gazeti lenyewe limekwisha kuyaleta maneno yote mpaka katika simu yangu na kuyafunika. Mimi nimeondoa kifuniko tu.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ukuta mwingine umejengwa hivi: gazeti linaziruhusu mashine za kutafuta habari, kama ile ya Google, zisome yote, ili watu wapate kujua kwamba habari ipo. Programu ya kuruka inajidai kuwa ni mashine hiyo. Ni kama mtu kuvaa nguo za mwingine ili apite mlangoni. Mtu atasema kwamba kudanganya mashine si kudanganya mtu. Lakini mashine hiyo imewekwa mlangoni na mtu, kama mlinzi. Hapo amri ya nane nayo inaguswa.

Tusikilize mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2408, inafundisha kwamba wizi ni kuchukua mali ya mwingine bila yeye kutaka, ikiwa kukataa kwake kuna haki. Kama tunaweza kuamini kwamba mwenyewe angekubali, si wizi. Kama kukataa kwake kunapingana na akili, si wizi. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kuu kabisa, akichukua kile anachohitaji kwa kuokoa maisha yake, si mwizi. Kwa hiyo tunapaswa kuuliza maswali mawili: je, mwenye gazeti ana haki ya kukataa? Na je, shida yangu ni kubwa kadiri gani?

Juu ya swali la kwanza, tutazame desturi yetu. Katika miji mikubwa ya Kongo, tangu miaka ya 1990, watu wanasimama mbele ya muuza magazeti, wanasoma vichwa vya habari na kushindana kwa maneno. Tunawaita wabunge wa kusimama. Muuzaji hawafukuzi. Ruhusa ipo. Hali kadhalika, anayenunua gazeti na kulipitisha kwa jirani hatendi ubaya. Lakini anayeweka ukuta amesema wazi kwamba ruhusa haipo. Je, anayo sababu?

Anayo. Mwezi wa Novemba 2021 zilitoka habari zilizoitwa Congo Hold-up, juu ya mwendo wa pesa za taifa letu. Zilitoka katika hati zaidi ya milioni 3 za benki, zilizopatikana na Mediapart ya Ufaransa na shirika la PPLAAF, kisha wakagawana kazi na wenzao wengi. Mediapart haipokei matangazo ya biashara. Tangu kuanzishwa kwake mwaka 2008 inaishi kwa malipo ya wasomaji. Sisi tuliweza kuzipata habari hizo bure kwa RFI, iliyokuwa mmoja wa wenzao. Lakini bure yetu ililipwa na mtu mwingine. Hata Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, haijatudai faranga, kwa sababu Umoja wa Mataifa na wafadhili wameilipia.

Na asipolipa msomaji wala mfadhili mwema, nani atalipa? Sisi Wakongo tunajua jibu. Tunaliita coupage. Mwandishi asiye na mshahara wa kutosha anaitwa na mkubwa, anapewa bahasha, naye anaandika yanayompendeza mkubwa. Wazee walisema: mkono mtupu haulambwi. Msomaji akileta mkono mtupu kila siku, asishangae kuona gazeti linalamba mkono wa tajiri. Hapo ndipo mfano wa mkate unapovunjika. Maneno hayapungui kwa kusomwa, ni kweli. Lakini uhuru wa mwandishi unapungua.

Sasa swali la pili. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba watu wana haki ya kupata habari za mambo yanayowahusu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, magazeti mengi yalifungua bure habari za ugonjwa huo. Wenyewe walikiri kwamba kuna habari zisizopaswa kufungwa. Basi maskini anayetafuta habari ya hatari inayomkaribia, tusimwite mwizi. Tena yuko anayetaka kulipa kweli, lakini gazeti la ng'ambo linadai kadi ya benki, naye ana M-Pesa au Airtel Money tu. Wenye magazeti wanaotafuta habari katika nchi yetu wanapaswa kumtengenezea mlango wenye bei anayoiweza. Ukuta usio na mlango kwa maskini hauna haki timilifu.

Lakini anayepata pesa za bia na za mega, akaruka kila asubuhi kwa kusoma michezo na masengenyo, huyo hana shida kuu. Anakula jasho la mwenzake, na Injili inafundisha kwamba mfanyakazi astahili ujira wake.

Basi, ndugu, tufanye hivi. Kwanza tutumie milango iliyo wazi. Pili, tuchange: kama tunavyoweza kufanya kitemo kwa kununua sufuria na viti, jumuiya yetu yaweza kununua gazeti moja na kulisoma pamoja baada ya Misa. Tatu, aliyesoma bila kulipa kwa sababu ya ukosefu asijidanganye kwamba hakupokea kitu. Siku Mungu atakapomjalia faranga kidogo, akumbuke deni lake kwa wale waliomwandikia alipokuwa hana.