Pumzi Tano za Haki

Majeruhi wanapokuwa wengi kuliko mikono ya waokoaji, nani ahudumiwe kwanza? Mwanzoni mwa karne ya 19, Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba aliyeumia vibaya zaidi atangulie, awe jenerali au askari wa kawaida. Cheo kikaondolewa kwenye mizani. Umri je?

Utaratibu wa START, uliotungwa California mwaka 1983, humpima majeruhi kwa haraka: anatembea? anapumua? damu inazunguka? anafuata maagizo? Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa alama nyeusi, na mwokoaji husonga mbele. Kipimo ni kimoja kwa wote, na hapo ndipo penye tatizo. Mtoto mchanga hatembei hata akiwa mzima, wala hafuati maagizo. Tena mtoto aliyejeruhiwa huweza kukatika pumzi huku moyo wake ukiendelea kupiga kwa muda. Ndiyo maana mwaka 1995 daktari wa watoto Lou Romig, wa Florida, alitunga JumpSTART: mtoto asiyepumua lakini bado ana mapigo hupuliziwa pumzi tano. Akianza kupumua, hupewa alama nyekundu, ahudumiwe mapema.

Atakayeuita huu upendeleo amechanganya usawa na kufanana. Mtoto hakuongezewa thamani juu ya mtu mzima. Amepewa nafasi ambayo mwili wake unaweza kuitumia. Kumnyima, eti kwa sababu mkubwa hakupewa, ni kumdhulumu kwa jina la usawa.

Lakini haki hiyo hiyo ina upande mchungu. Pumzi tano zisipofua dafu, ya sita haipulizwi. Kilio cha mtoto huvuta moyo, na mwokoaji anaweza kumkimbilia aliyechubuka goti akamwacha anayevuja damu kimyakimya, au kumng'ang'ania asiyeokoleka huku mtoto mwingine akikata roho pembeni. Kanuni haikuja kuiua huruma. Imekuja kuifikisha hata kwa wale wasio na nguvu ya kulia.

Uamuzi mzito hivyo haufai kuachiwa mtu mmoja aliyepiga magoti barabarani. Ni wajibu wetu kuufanya kabla ya ajali: kuwafundisha waokoaji kuwapima watoto kwa kipimo cha watoto, kisha kutomlaumu yeyote aliyekifuata kwa uaminifu, akalazimika kupita.